Dopamini na Seli Moja ya Neva

Katika vitabu vingi vya elimu-viumbe vinavyosomwa katika shule za sekondari, kazi ya seli ya neva huelezwa kwa namna iliyo nyepesi kufahamika. Seli moja hupeleka ujumbe kwa njia ya umeme mpaka kwenye ncha za mkia wake mrefu uitwao aksoni. Hapo kemikali hutolewa, huvuka mwanya mwembamba uitwao sinapsi, na kuigusa seli ya pili, nayo ama huamshwa ama hutulizwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwanafunzi akiyashika hayo peke yake atakwama mara atakapoulizwa swali moja dogo: Je, dopamini huamsha seli au huituliza?

Swali hilo liliwagawa wataalamu kwa miaka ipatayo thelathini. Kila upande ulikuwa na vipimo vyake, na jambo la kustaajabisha ni kwamba vipimo vya pande zote mbili vilikuwa vimefanywa vyema. Kosa lilikuwa katika swali lenyewe.

SUNGURA WASIOSOGEA

Dopamini ni kemikali ndogo ambayo mwili huitengeneza kutokana na tirosini, mojawapo ya asidi amino zipatikanazo katika vyakula vyenye protini kama maharage, samaki na nyama. Kimeng'enya kimoja huigeuza tirosini kuwa dopa, na kimeng'enya cha pili huigeuza dopa kuwa dopamini. Kabla ya mwaka 1957 wataalamu wengi waliidhani kuwa ni kituo tu cha njiani katika utengenezaji wa noradrenalini, kemikali nyingine iliyokwisha kujulikana kuwa na kazi katika neva.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake katika mji wa Lund nchini Sweden waliwapa sungura dawa iitwayo reserpini. Dawa hiyo hutolewa katika mizizi ya mmea wa Bara Hindi uitwao kitaalamu Rauvolfia serpentina, ambao ni wa jenasi moja na msesewe, mti ambao Wachagga hutumia magome yake katika kutengeneza mbege. Sungura waliopewa reserpini walilala kimya, masikio yameanguka, wala hawakusogea. Ndipo walipodungwa sindano ya dopa, na baada ya muda mfupi wakainuka na kutembea. Carlsson alipopima bongo za wanyama hao aligundua kwamba kilichorudi ubongoni hakikuwa noradrenalini bali dopamini. Mwaka 1959 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya dopamini ya ubongo imekusanyika mahali pamoja panapoitwa striatamu, ndani kabisa chini ya gamba la ubongo, mahali panapohusika na mwendo wa viungo.

Habari hizo zilimfikia Oleh Hornykiewicz mjini Vienna. Mwaka 1960 yeye na mwenzake Herbert Ehringer walichapisha vipimo vya bongo za watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa ambao tabibu wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Katika striatamu za wagonjwa hao dopamini ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliofuata tabibu Walther Birkmayer aliwadunga wagonjwa levodopa, na baadhi ya watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakasimama. Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel. Hornykiewicz hakupewa, na wanasayansi wengi walilalamika kwa ajili yake.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini wagonjwa walipewa dopa na si dopamini yenyewe. Sababu ni kwamba kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo haziruhusu dopamini kupita. Dopa hupitishwa na vibebeo vile vile vinavyopitisha asidi amino za chakula, na ikishavuka hugeuzwa kuwa dopamini huko huko ndani.

SELI CHACHE, MATAWI MENGI

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo milioni elfu 86. Zile zinazotengeneza dopamini katika ubongo wa kati ni laki chache tu. Lakini kila moja ya seli hizo chache ina aksoni yenye matawi mengi ajabu, hata katika panya seli moja huweza kueneza matawi yake katika sehemu kubwa ya striatamu na kuzifikia seli nyingi mno kwa wakati mmoja. Isitoshe, dopamini ikishatolewa haibaki yote ndani ya mwanya wa sinapsi, bali huvuja na kusambaa kuzunguka jirani kabla ya kurudishwa ndani ya aksoni iliyoitoa.

Kutokana na umbile hilo peke yake, mtu anaweza kukisia kwamba dopamini haiwezi kuwa inapeleka ujumbe wenye maelezo madogo madogo, kama vile kidole kipi kikunjwe au jicho ligeukie wapi. Mfumo wa namna hiyo hufanana zaidi na mbiu ya mgambo. Mbiu husikika katika kijiji kizima kwa sauti moja, wala haimwambii kila mtu la kufanya, lakini aliyekuwa amekwisha kushika jembe hutoka mbio, na aliyekuwa amelala hugeuka upande wa pili. Matokeo hutegemea hali ambayo mbiu imemkuta nayo kila mmoja. Ndivyo ilivyokuja kuonekana katika seli za neva, ingawa ilichukua muda mrefu kuthibitishwa.

SELI YENYE MIIBA

Katika striatamu ya panya, takriban seli 95 katika kila 100 ni za aina moja. Zina umbo la wastani na matawi yake yamejaa vijitokezo vidogo mno mithili ya miiba, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli moja huwa na maelfu ya miiba hiyo. Kichwa cha mwiba hupokea ncha ya aksoni inayotoka katika gamba la ubongo na kumwaga glutamati, kemikali inayoamsha. Shingo ya mwiba, mara nyingi, ndipo inapogusa aksoni ya dopamini. Uchunguzi uliofanywa kwa darubini ya elektroni mwaka 1984 ulionyesha mpangilio huo waziwazi. Kwa hiyo dopamini imewekwa mahali pafaapo kabisa kusimamia ujumbe unaoingia.

Sasa umeme. Seli za neva nyingi zikiwa zimetulia huwa na volteji ya kama milivolti 70 chini ya sifuri, yaani ndani kuna hasi kuliko nje. Seli yenye miiba hukaa chini zaidi, karibu na milivolti -85, nayo haitoi mshtuko wa umeme mpaka ipande kufikia kama -45. Kinachoishikilia chini ni milango ya ioni za potasiamu iliyo katika utando wake. Milango hiyo ikiwa wazi, chaji yoyote ndogo inayoingia kutoka sinapsi moja au mbili huvuja na kupotea.

Hebu ifikiriwe habari ya mtungi uliotoboka. Mtu mmoja akimimina maji kidogo kidogo, yote yatavuja wala mtungi hautajaa. Wakija watu mia kadhaa kwa pamoja, maji yatapanda. Lakini mtungi huu una tabia isiyo ya kawaida: maji yakishapanda kiasi fulani, matundu yake huanza kuziba yenyewe. Milango ya potasiamu ya seli yenye miiba hufanya vivyo hivyo, hujifunga kadiri volteji inavyopanda. Matokeo yake ni kwamba seli ina hali mbili za kukaa. Charles Wilson na wenzake walizirekodi katika panya waliolazwa kwa dawa: hali ya chini, karibu na -85, na hali ya juu, karibu na -55, ambayo huweza kudumu kwa sehemu ya sekunde na kuendelea. Kuitoa seli kutoka chini kwenda juu kunahitaji ujumbe wa mamia ya aksoni zinazofyatuka kwa pamoja. Seli iliyo juu bado haijatoa mshtuko, ila imekaribia sana kuutoa.

UGOMVI WA VIPIMO

Katika miaka ya 1960 wachunguzi walitumia vijibomba vya kioo vyenye ncha nyembamba kudondosha dopamini karibu na seli za striatamu za wanyama hai. Mara nyingi seli zilipunguza mishtuko yake, na kwa hiyo dopamini ikaandikwa katika orodha ya kemikali zinazotuliza. Mwaka 1976 S. T. Kitai na wenzake walisisimua seli za dopamini zenyewe huku wakirekodi ndani ya seli za striatamu, wakaona volteji ikipanda. Wakaandika kinyume: dopamini huamsha.

Nafuu ya kwanza ilipatikana mwaka 1979, pale John Kebabian na Donald Calne walipoonyesha kwamba kuna makundi mawili ya vipokezi vya dopamini, D1 na D2. Vipokezi vya kundi la D1 huongeza ndani ya seli kiasi cha kemikali iitwayo AMP ya mzunguko, na vya kundi la D2 huipunguza. Jeni ya D2 ilipatikana mwaka 1988 na ya D1 mwaka 1990. Basi ikadhaniwa kwamba ugomvi umekwisha: seli zenye D1 zitaamshwa, na zenye D2 zitatulizwa. Lakini haukwisha. Katika vipande vya ubongo vilivyowekwa hai ndani ya chombo, hata D1 peke yake ilionekana mara nyingi ikituliza. Katika wanyama wazima, D1 hiyo hiyo mara iliamsha, mara ilituliza.

Jibu lilitolewa mwaka 1997 na Salvador Hernández-López, José Bargas, Elvira Galarraga na wenzao wa Mexico, wakishirikiana na James Surmeier wa Marekani. Jaribio lao lilikuwa jepesi kulieleza. Walichukua kipande cha ubongo wa panya, wakaingiza ncha ya kioo ndani ya seli moja yenye miiba, kisha wakaishikilia seli hiyo kwa mkondo wa umeme katika volteji waliyoitaka wao. Walipoiweka karibu na -80, wakaipa msukumo mdogo wa umeme pamoja na dawa inayoamsha vipokezi vya D1, mishtuko ilipungua, kama vitabu vilivyokuwa vimesema. Walipoipandisha mpaka karibu na -55, wakafanya lile lile, mishtuko iliongezeka. Dawa ilikuwa ya aina moja na kipokezi kilikuwa kimoja. Kilichobadilika ni hali ambayo dopamini iliikuta seli.

Sababu yake ni ya kikemia, na walimu wa kemia na wa elimu-viumbe wanaweza kuifundisha kwa ushirikiano. Kipokezi cha D1 chenyewe si mlango wa ioni. Kinapoguswa na dopamini huamsha protini iliyo upande wa ndani wa utando, protini hiyo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, nayo AMP ya mzunguko huamsha kimeng'enya kingine kiitwacho protini kinasi A, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Miongoni mwa zinazobandikwa ni milango ya ioni. Milango ya potasiamu inayoishikilia seli chini huimarishwa, na milango ya sodiamu inayoanzisha mshtuko hudhoofishwa kidogo. Lakini milango ya kalsiamu iitwayo ya aina L huongezewa nguvu, na milango hii haifunguki mpaka volteji iwe imekwisha kupanda. Basi seli iliyo chini huona athari za potasiamu na sodiamu tu, ikazidi kubaki chini. Iliyo juu hupata kalsiamu nyingi zaidi, ikaendelea kukaa juu na kutoa mishtuko. Wachunguzi wa Mexico walipoziba milango hiyo ya aina L kwa dawa, nguvu iliyoletwa na D1 katika hali ya juu ilitoweka. Dawa hizo ni ndugu wa nifedipini inayotolewa hospitalini kwa wagonjwa wa shinikizo la damu.

Greengard aligundua kwamba seli hizi zina pia protini ya pekee iitwayo DARPP-32. Ikibandikwa fosfeti, huvizuia vimeng'enya ambavyo vingeyabandua mafosfeti mengine, na hivyo kazi ya dopamini hudumu zaidi. Mlolongo wote huo huchukua muda. Glutamati hufungua mlango wake katika milisekunde chache, ilhali athari ya dopamini hujengeka polepole na huweza kubaki kwa dakika nyingi. Ndiyo maana wataalamu hawaiiti kiamshi wala kitulizi, bali kirekebishi.

HESABU YA USIKIVU

Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wanaweza kulitazama jambo hili kwa njia ya hesabu. Mwaka 1990 David Servan-Schreiber, Harry Printz na Jonathan Cohen walipendekeza kwamba seli ichukuliwe kama kanuni inayopokea namba x, ambayo ni jumla ya ujumbe unaoingia, na kutoa namba y iliyo kati ya 0 na 1, ambayo ni nguvu ya jibu. Kwa namna iliyorahisishwa:

y = 1 ÷ (1 + e^(−Gx))

Herufi G ni kipimo cha usikivu, na dopamini huchukuliwa kuwa inaibadili G bila kuongeza wala kupunguza chochote katika x. Ikiwa G ni 1, ujumbe wa x = 1 hutoa jibu la 0.73, na ujumbe wa x = −1 hutoa 0.27. G ikipandishwa kuwa 2, majibu huwa 0.88 na 0.12. Pale x ilipo sifuri jibu ni 0.5 kwa hali zote mbili. Kwa maneno mengine, seli iliyokuwa na ujumbe wa kutosha hujibu kwa nguvu zaidi, na iliyokuwa na ujumbe hafifu hujibu kwa udhaifu zaidi. Mwenye kujua kalkulasi atathibitisha kwamba mteremko wa mchoro pale x = 0 ni G ÷ 4. Mchoro huo ukichorwa kwenye karatasi ya miraba utafanana kwa umbo na matokeo ya mwaka 1997, ingawa kanuni iliandikwa miaka saba kabla yake na haikujua lolote kuhusu kalsiamu. Kufanana huko kusichukuliwe kuwa ni jambo moja. Ndani ya seli halisi hakuna kitasa kimoja kiitwacho G, bali ipo milango ya namna nyingi inayovutana.

Lipo jambo moja katika kazi ya Servan-Schreiber ambalo hupuuzwa mara nyingi, nalo ndilo lenye mafundisho zaidi. Ingeonekana kwamba kuongeza G huifanya seli itambue vizuri zaidi ujumbe wa kweli na kelele. Sivyo. Kanuni hii humpa kila mwenye x kubwa y kubwa, kwa G yoyote iliyo chanya. Ikiwa kelele iliyoingia ilikuwa kubwa kuliko ujumbe, itabaki kubwa kuliko ujumbe hata baada ya kupitishwa katika kanuni. Atakayeitazama seli hiyo moja hatapata faida yoyote. Faida huonekana pale seli moja inapompasha habari mwenzake, na mwenzake akawa na kelele zake mwenyewe zinazoingia baadaye. Mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo hawezi kuuondoa mkwaruzo kwa kuongeza sauti, maana mkwaruzo nao utaongezeka. Lakini akiwa sokoni penye makelele, kuongeza sauti kutamsaidia, kwa sababu makelele ya soko yanaingia baada ya redio. Hivyo dopamini hubadili seli moja moja, na manufaa yake huonekana katika mnyororo wa seli.

NJIA MBILI ZA STRIATAMU

Mwaka 1990 Charles Gerfen na wenzake walionyesha kwamba D1 na D2 zimegawana seli zenye miiba. Seli zenye D1 kwa wingi hupeleka aksoni zake moja kwa moja kwenye viini vya kutolea amri, na zenye D2 hupitia njia ndefu. Aina zote mbili hutoa kemikali inayotuliza. Mwanafunzi anaweza kukokotoa matokeo kwa kanuni ya alama. Njia fupi ina vizuizi viwili kabla ya kufika thalamasi: striatamu hukizuia kiini cha amri, na kiini cha amri huizuia thalamasi. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo kumzuia mzuiaji ni kuruhusu mwendo. Njia ndefu ina vizuizi vitatu na kiungo kimoja kinachoamsha, nayo huishia katika hasi, yaani huzuia mwendo.

Dopamini huongeza usikivu wa seli za njia fupi zikiwa katika hali ya juu, na kupitia D2 hupunguza usikivu wa seli za njia ndefu. Pande zote mbili husaidia mwendo. Dopamini ikitoweka, njia fupi hupoteza sauti na njia ndefu hupaza yake. Mgonjwa wa Parkinson hana kiungo kilichopooza. Misuli yake ni mizima na gamba la ubongo wake bado linatuma ujumbe, lakini ujumbe huo hukuta seli zisizoupokea kama inavyopasa. Mwaka 2010 Alexxai Kravitz na wenzake huko Marekani waliwaondolea panya dopamini, kisha wakaziamsha seli za njia fupi kwa mwanga uliopitishwa ndani ya uzi wa kioo, na panya waliokuwa wamekwama wakaanza kutembea.

Haifai hata hivyo kuzifundisha njia hizi kama maji ya moto na maji ya baridi. Mwaka 2013 vipimo vilivyochukuliwa kwa panya wasiolazwa vilionyesha kwamba mnyama anapoanza kutembea, njia zote mbili huchangamka kwa pamoja. Inaelekea moja huchagua mwendo unaotakiwa na nyingine huzuia ile isiyotakiwa.

WAKATI WA MBIU

Wolfram Schultz, alipokuwa Fribourg nchini Uswisi, alirekodi seli za dopamini za nyani. Katika utulivu hutoa mishtuko michache kwa sekunde. Nyani akipata tone la maji ya matunda ambalo hakulitarajia, seli hufyatuka mfululizo. Akiwa amekwisha kuzoea ishara inayotangulia, hufyatuka kwa ishara na si kwa tone. Na tone lililoahidiwa lisipokuja, hunyamaza kwa muda mfupi hasa katika wakati ambapo lingefika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliandika kwamba mishtuko hiyo hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Mwaka 2014 Sho Yagishita na wenzake mjini Tokyo walilirudisha jambo hili kwenye mwiba mmoja. Waliupa mwiba glutamati, kisha wakaachilia dopamini kwa nyakati mbalimbali. Mwiba ulikua na kuimarika pale dopamini ilipofika kati ya sekunde 0.3 na sekunde 2 baada ya glutamati. Ilipotangulia, au ilipochelewa zaidi ya hapo, haukukua. Hapa kirekebishi kinafanya zaidi ya kubadili usikivu wa dakika hii, kinaandika usikivu wa siku zijazo. Hapo pia ndipo ilipo hatari ya vitu vinavyofurisha dopamini bila sababu: kokeini huzuia isirudishwe ndani ya aksoni, na kathinoni iliyo katika majani mabichi ya mirungi huisukuma itoke. Miiba huandika yasiyotokea.

LEVODOPA NA UPUPU

Tangu miaka ya 1960, George Cotzias alipoonyesha nchini Marekani kwamba levodopa ikimezwa kwa kiasi kikubwa kilichopandishwa polepole huwarudishia wagonjwa mwendo wao, dawa hiyo imebaki kuwa tiba kuu ya Parkinson. Upungufu wake unaeleweka kutokana na yaliyotangulia. Kidonge huleta dopamini kwa mafuriko na ukame, kipimo cha asubuhi kikipanda na kushuka kabla ya kile cha mchana. Baada ya miaka kadhaa ya matibabu, wagonjwa wengi hupata miondoko ya mwili wasiyoitaka dawa inapokuwa juu, kwa kuwa seli zenye D1 zilizokaa na njaa ya dopamini huijibu kwa AMP ya mzunguko iliyopita kiasi.

Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Catherine Dotchin na wenzake walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu wapatao 161,000, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Mzee anayetetemeka na kukokota miguu huhesabiwa kuwa amezeeka tu, ilhali ukosefu wa kemikali moja ndio uliomfunga.

Levodopa hupatikana pia katika mmea ambao wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaujua kwa sababu nyingine kabisa, nao ni upupu. Vinyweleo vya maganda yake ndivyo vinavyowasha, lakini mbegu zilizo ndani huwa na levodopa ipatayo asilimia 4 hadi 6 ya uzani katika aina nyingi zilizopimwa. Mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya Bolivia kwa wagonjwa 18, ambapo unga wa mbegu zilizokaangwa ulifanya kazi sawa na vidonge kwa muda wa kipimo kimoja. Lakini walipoujaribu kwa majuma mengi kwa wagonjwa 14, kama walivyoeleza mwaka 2018, nusu yao waliacha, wengine kwa matatizo ya tumbo na wengine kwa kuwa mwendo wao ulizidi kuwa mbaya. Kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na mtu anayejipimia mwenyewe kwa kijiko hajui amemeza kiasi gani. Vidonge vya hospitali, kwa upande wao, huchanganywa na karbidopa au benserazidi, kemikali zinazokizuia kile kimeng'enya cha pili kisifanye kazi yake tumboni na katika damu. Kwa kuwa kemikali hizo haziingii ubongoni, levodopa huhifadhiwa njiani na hugeuzwa baada ya kuvuka kizuizi. Mbegu ya upupu haina kinga hiyo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya levodopa yake huwa dopamini kabla ya kufika, ikamtapisha mgonjwa badala ya kumwinua.